Jumla Inapofurika: Kikomo cha Namba Kamili katika Takwimu za Afya

Miongoni mwa hesabu zote zinazofanywa juu ya takwimu za afya, kujumlisha ndiyo inayoaminiwa zaidi na kuchunguzwa kidogo zaidi. Mtafiti atabishana na wenzake juu ya ukubwa wa sampuli, atatilia shaka modeli iliyotumika, atauliza kwa nini kituo fulani hakikuleta ripoti. Lakini ni nadra kumkuta anayeuliza kama kompyuta imejumlisha sawasawa. Imani hiyo ina msingi wake, kwa kuwa mashine haichoki wala haisahau kubeba moja. Hata hivyo, ipo hali inayojulikana vema na wataalamu wa kompyuta ambamo namba zilizo sahihi, zilizopimwa kwa uangalifu na kuingizwa bila kosa, hutoa jumla isiyo sahihi hata kidogo. Hali hiyo ni kufurika kwa namba kamili.

Kwa muda mrefu tatizo hili lilionekana kuwa la wanasayansi wa anga na wa benki kubwa. Leo daftari la wagonjwa wa hospitali moja ya rufaa, likikusanywa kwa miaka michache, lina mistari ya kutosha kulileta tatizo hilo mezani kwa karani wa takwimu. Anayeathirika mwishoni ni mgonjwa, ambaye dawa zake, damu yake na bajeti ya wodi yake hupangwa kwa kutazama jumla hizo.

Chombo na ujazo wake

Wahudumu wa kampeni za chanjo wanakifahamu kile kihesabio kidogo cha mkononi ambacho hubonyezwa kila mtu anapopita mlangoni. Kikiwa na nafasi za tarakimu nne, kitahesabu hadi 9999. Mtu anayefuata akipita, kihesabio hakiandiki 10000, kwa sababu nafasi ya tano haipo, huonyesha 0000. Watu hawakupungua, wala mbonyezaji hakukosea. Chombo kimejaa, kikaanza upya.

Kompyuta huhifadhi namba kamili, yaani namba zisizo na desimali, katika chombo cha aina hiyo hiyo. Badala ya tarakimu kumi kuanzia sifuri hadi tisa, yenyewe hutumia sifuri na moja tu, na kila nafasi huitwa biti. Ukubwa uliozoeleka sana ni biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, na 31 zilizobaki hubeba namba yenyewe. Hivyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 2,147,483,647, yaani mbili kwa kipeo cha 31, kasoro moja. Ni vema msomaji aikariri namba hiyo, walau kwa umbo lake la bilioni mbili na milioni mia moja arubaini na saba, kwa kuwa itamsaidia kutambua hatari kabla haijatokea.

Ikiongezwa moja juu ya hapo, mambo hutofautiana kulingana na programu. Katika lugha nyingi za kompyuta zilizo karibu na mashine, namba hurukia upande wa pili wa mstari wa namba na kuwa 2,147,483,648 hasi, bila onyo lolote. Ndivyo zinavyofanya pia safu za namba za maktaba ya NumPy, inayotumiwa na watu wengi wanaochambua data kwa lugha ya Python. Programu ya R, iliyoenea sana katika vyuo vya afya, ina adabu zaidi: hukataa kutoa jibu, huandika NA mahali pa namba, na kutoa onyo kwamba kumetokea mfuriko. Hifadhidata ya SQL Server husimamisha kazi yote kwa ujumbe wa kosa. Kati ya tabia hizo tatu, ile inayomuudhi mtumiaji zaidi ndiyo iliyo salama zaidi.

Jumla ya uongo inayofanana na kweli

Ichukuliwe kwamba maabara imekusanya vipimo vya damu vya watu 10,000, na katika kila kimoja imeandikwa idadi ya chembe sahani, zile zinazoisaidia damu kuganda. Kwa mtu mzima mwenye afya idadi hiyo huwa kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita ya damu. Tuseme wastani wa kundi hilo ni 250,000. Jumla yake ni 2,500,000,000, namba ambayo tayari imevuka kikomo. Katika programu inayozunguka kimyakimya, jibu litakalotoka ni 1,794,967,296 hasi. Likigawanywa kwa watu 10,000, wastani utakuwa takriban 179,497 hasi. Hakuna mhudumu atakayeliamini jibu hilo, kwa sababu damu haiwezi kuwa na chembe pungufu ya sifuri. Kosa limejitangaza lenyewe.

Sasa ichukuliwe kwamba maabara imeendelea kukusanya hadi ikafikisha watu 20,000, wenye wastani ule ule. Jumla ya kweli ni 5,000,000,000. Chombo cha biti 32 kimezunguka duara zima na kurudi upande wa namba chanya, na jibu lake ni 705,032,704. Ukiligawanya kwa 20,000, wastani unakuwa takriban 35,252.

Namba hiyo haina dalili yoyote ya ubovu. Si hasi, si kubwa kupita kiasi, na daktari yeyote anaitambua: ni idadi ya mgonjwa aliyepungukiwa sana na chembe sahani, ambaye upasuaji mkubwa kwa kawaida huahirishwa hadi hali irekebishwe. Ripoti yenye wastani kama huo ingeweza kuzua safari ya kutafuta ugonjwa usiokuwepo katika jamii nzima, au kuagiza chembe sahani za kuongezea wagonjwa ambazo, kwa kuwa hudumu siku chache tu, zingeharibika kwenye rafu. Inafaa kuzingatia kwamba data chache zilitoa kosa la wazi, na data nyingi zikatoa kosa lililojificha. Kawaida ya takwimu ni kwamba wingi wa data huongeza uhakika. Hapa wingi umeongeza udanganyifu.

Kikomo hufikiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kwa wastani ule wa 250,000, watu 8,590 wanatosha kukivuka. Kwa wingi wa virusi vya UKIMWI, ambao mashine nyingi huupima hadi nakala 10,000,000 kwa mililita, wagonjwa 215 walio kwenye kiwango hicho cha juu wanatosha. Palipo na kuzidisha, hata mtu mmoja huweza kutosha. Anayetafuta mtawanyiko wa data kwa njia ya zamani huzidisha kila kipimo kwa chenyewe, na namba kamili yoyote inayozidi 46,340 ikizidishwa kwa yenyewe haiingii tena katika biti 32. Kipimo kimoja tu cha chembe sahani, 250,000, kikizidishwa hivyo hutoa 62,500,000,000.

Fedha nazo zimo. Hapa Afrika Mashariki tatizo lina sura yake, kwa kuwa programu nyingi zilitungwa na watu wanaohesabu kwa dola au pauni. Gharama ya matibabu ya shilingi 150,000 za Tanzania kwa kila mgonjwa huvuka kikomo mgonjwa wa 14,317 anapoandikwa, idadi ambayo kliniki ya nje ya hospitali kubwa huipata kwa muda mfupi. Gharama hiyo hiyo ingeandikwa kama dola 60, kingehitajika kikundi cha watu zaidi ya milioni 35 kufikia hapo. Mtunzi wa programu akiijaribu kwa dola huenda asikutane na mfuriko maisha yake yote.

Hospitali iliyopotea kwenye jumla

Tabia ya R ya kuandika NA, iliyosifiwa hapo juu, ina mtego wake, na mtego huo unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu huwanasa hasa watu waliofundishwa vizuri.

Alama ya NA katika R ina maana ya data isiyokuwepo. Mtu yeyote aliyefanya kazi na takwimu za vituo vya afya ameizoea kama alivyozoea vumbi: mgonjwa hakupimwa uzito, muuguzi hakuandika tarehe, kituo hakikutuma fomu. Kwa hiyo mafunzo humwelekeza kuongeza neno la amri, na.rm, linaloiambia programu iziondoe NA zote kisha ijumlishe zilizobaki. Baada ya muda neno hilo huandikwa kwa mazoea, bila kufikiri.

Ichukuliwe basi kwamba mchambuzi anajumlisha gharama za hospitali tano. Kwanza anapata jumla ya kila hospitali, halafu anajumlisha zile tano. Jumla za kweli, kwa shilingi, ni bilioni 2.6, milioni 900, milioni 600, milioni 300 na milioni 200. Hospitali ya kwanza imevuka kikomo. Mahali pake programu inaandika NA na kutoa onyo, ambalo linapita juu ya skrini katikati ya maonyo mengine yasiyo na uzito. Katika hatua ya pili na.rm inaiondoa NA hiyo. Jibu linatoka: bilioni 2.0. Jumla ya kweli ni bilioni 4.6. Zaidi ya nusu ya fedha imetoweka, na iliyotoweka si kituo kidogo cha pembezoni bali hospitali kubwa kuliko zote, kwa sababu ile ile ya ukubwa wake. Data inayokosekana kwa kawaida hukosekana pale palipo na uhaba wa watumishi au umeme. NA ya mfuriko hutokea pale palipo na wagonjwa wengi kuliko kwingine. Kuzitendea namna mbili hizo kana kwamba ni kitu kimoja ni kosa la tafsiri, si la hesabu.

Mkanganyiko mwingine katika R unatokana na namna namba zinavyoingia. Namba iliyoandikwa kwa mkono kwenye programu, hata ikiwa haina desimali, huhifadhiwa kama namba ya desimali, ambayo chombo chake ni kikubwa zaidi. Lakini safu iliyosomwa kutoka faili, ikiwa namba zake zote ni kamili na zinaingia katika biti 32, huhifadhiwa kama namba kamili. Matokeo yake ni kwamba mfano wa darasani, ulioandikwa kwa mkono, hufanya kazi bila shida, ilhali data halisi ya hospitali hufurika. Ajabu zaidi, desimali moja tu ndani ya faili, kwa mfano mgonjwa mmoja aliyeandikiwa 250,000.5 kimakosa, hugeuza safu nzima kuwa ya desimali na kuiokoa. Kusafisha data kunaweza hivyo kuleta tatizo ambalo uchafu ulikuwa umelizuia.

Watunzaji wa R wamefanya kazi ya kupunguza hatari hii. Kuanzia toleo la 3.5.0, la mwaka 2018, utaratibu wa ndani wa kujumlisha safu za namba kamili ulipewa nafasi pana zaidi. Amri ya wastani, kwa upande wake, hukokotoa kwa desimali, hivyo mtu anaweza kupata wastani ulio sahihi kutoka kwenye safu ile ile ambayo jumla yake imekataliwa. Hata hivyo kujumlisha namba mbili kwa alama ya kawaida ya kujumlisha, na kujumlisha kwa kulimbikiza hatua kwa hatua, bado vinafungwa na kikomo kile kile. Katika kulimbikiza, mfuriko ukitokea mahali pamoja, kila kinachofuata baada yake huwa NA.

Kromosomu ya 13

Jambo hilo la mwisho linaonekana wazi katika utafiti wa jenomu. Wanaotafuta jeni zinazohusiana na ugonjwa huchora mchoro mmoja unaopanga kromosomu zote za binadamu kwa mfuatano, kuanzia ya 1 hadi ya 22, kisha X. Ili kila kipimo kipate nafasi yake, urefu wa kromosomu zilizotangulia hulimbikizwa. Kromosomu ya 1 pekee ina jozi za besi zipatazo milioni 249. Mwishoni mwa kromosomu ya 12 limbikizo limefika takriban milioni 2,077. Mwishoni mwa ya 13 ni takriban milioni 2,191. Kikomo cha biti 32 kimevukwa katikati ya kromosomu ya 13.

Kwa mtafiti wa selimundu, ugonjwa uliotia mizizi katika Afrika Mashariki, hapo ndipo penye uzito. Jeni ya beta-globini, ambayo badiliko lake ndilo chanzo cha selimundu, iko kwenye kromosomu ya 11, upande wa salama. Kwa hiyo mchoro utaonyesha kilele kinachotarajiwa, na mtafiti ataridhika kwamba kazi imekwenda vizuri. Lakini jeni za alfa-globini, ambazo upungufu wake hubadilisha makali ya selimundu kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, ziko kwenye kromosomu ya 16. Jeni ya kimeng'enya cha G6PD, ambacho upungufu wake hufanya primaquine iwe dawa ya kutolewa kwa tahadhari katika matibabu ya malaria, iko kwenye X. Limbikizo likifanywa kwa namba kamili, zote mbili zitaangukia kwenye NA, na programu ya kuchora itaziacha nje pamoja na kila kitu kingine kuanzia kromosomu ya 14. Mchoro wenye sehemu tupu upande wa kulia ni rahisi kuugundua. Jedwali lililopangwa kwa nafasi hizo, ambalo mistari yenye NA imeondolewa, si rahisi hata kidogo.

Mashine iliyohesabu hadi 255

Ipo kumbukumbu moja ya mfuriko wa namba kamili uliomgusa mgonjwa moja kwa moja, nayo haikuhusu bilioni. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi kutokana nayo. Ajali hizo hazikuwa na chanzo kimoja, lakini ile ya Januari 1987, iliyotokea Yakima katika jimbo la Washington, ilifuatiliwa hadi kwenye kihesabio kimoja cha biti nane.

Kihesabio hicho kilikuwa na kazi ya kuiambia programu kama sehemu ya juu ya mashine inahitaji kukaguliwa kabla ya mwale kuwashwa. Sifuri ilimaanisha kwamba hakuna la kukagua. Namba nyingine yoyote ilimaanisha ukaguzi ufanyike. Badala ya kuandika namba moja isiyobadilika, programu iliongeza moja kila ilipopita katika hatua ya maandalizi, na hatua hiyo ilirudiwa mara nyingi kwa kila matibabu. Biti nane zinabeba hadi 255. Katika mzunguko wa 256 kihesabio kilirudi sifuri, na kwa muda mfupi sana mashine iliamini kwamba haina la kukagua. Mtaalamu alipobonyeza kitufe katika muda huo hasa, mwale uliwaka kwa nguvu yake yote ilhali kifaa kilichotakiwa kuupokea na kuutawanya hakikuwa mahali pake. Mgonjwa huyo, aliyekuwa na saratani iliyokwisha kukomaa, alifariki Aprili mwaka huo kutokana na madhara ya mionzi hiyo.

Marekebisho ya sehemu hiyo yalikuwa madogo kiasi cha kutia uchungu: badala ya kuongeza moja, programu iliandika namba moja isiyo sifuri kila mara.

Mgonjwa anayesoma habari hii asiogope mashine za leo kwa ajili yake. Ajali za Therac-25 zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma programu za vifaa vya tiba zisimamiwe kwa ukali zaidi. Lakini programu ya takwimu inayokaa kwenye kompyuta ya ofisi haipiti katika usimamizi huo, na amri zake huandikwa na mtu yeyote aliyepata mafunzo ya wiki mbili.

Namna ya kujikinga

Kinga kuu ni kubadilisha namba kuwa za desimali zenye usahihi maradufu kabla ya kujumlisha. Chombo hicho cha biti 64 hubeba kila namba kamili bila kupoteza hata moja hadi 9,007,199,254,740,992. Kwa wastani wa chembe sahani 250,000, watu wote wa dunia wangeweza kupimwa zaidi ya mara nne kabla ya kukifikia. Katika R kazi hiyo hufanywa na amri ya as.numeric. Katika NumPy mchambuzi hutaja aina ya namba wakati wa kujumlisha, na hilo lilikuwa la lazima hasa kwenye kompyuta za Windows, kwani hadi toleo la 2.0 lililotoka mwaka 2024 namba kamili za kawaida za NumPy humo zilikuwa za biti 32. Hati iliyoandikwa na kujaribiwa kwenye kompyuta ya Linux iliweza kutoa jibu jingine ilipopelekwa kwenye Windows ya wilayani. Katika SQL Server safu hugeuzwa kwanza kuwa ya namba kamili kubwa, ya biti 64.

Neno kabla lina uzito wake wote. Kuigeuza jumla baada ya kupatikana ni sawa na kuleta ndoo kubwa baada ya maji kumwagika: kilichomo kitahamishwa, kilichomwagika hakirudi. Kosa hili la mpangilio ni la kawaida, kwa sababu amri zote mbili zimo kwenye mstari na kwa macho ya haraka zinaonekana sawa.

Watumiaji wa SPSS na SAS wana nafuu, kwa kuwa programu hizo huhifadhi namba zote kwa desimali. Stata nayo hukokotoa kwa usahihi maradufu, ila ina shimo lake pembeni. Aina ya namba ambayo Stata huitumia isipoelekezwa vingine ni desimali fupi ya biti 32, inayobeba namba kamili kwa uhakika hadi 16,777,216 tu. Juu ya hapo tarakimu za mwisho huanza kukaribishwa. Kwa kipimo cha damu haidhuru. Kwa namba ya utambulisho wa mgonjwa yenye tarakimu tisa ni balaa, kwani wagonjwa wawili waliopishana kwa moja huweza kupewa namba moja, na majibu ya mmoja yakaingia kwenye historia ya mwenzake. Namba ya utambulisho haijumlishwi wala haitafutiwi wastani. Mahali pake ni kwenye safu ya maandishi.

Njia nyingine ni kutokijaza chombo kabisa. Maabara nyingi huandika chembe sahani kwa maelfu, yaani 250 badala ya 250,000, na kwa kipimo hicho jumla hupungua mara elfu. Sharti ni kwamba kila kituo kiandike hivyo, maana faili lenye 250 na 250,000 kwa pamoja ni ugonjwa mbaya kuliko mfuriko. Anayeandika programu yake mwenyewe anaweza pia kukokotoa wastani bila kuwa na jumla: kila kipimo kipya kikija, wastani wa awali husogezwa kidogo kuelekea kwake. Njia ya aina hiyo kwa ajili ya wastani na mtawanyiko ilichapishwa na B. P. Welford mwaka 1962, na bado inatumika.

Kuna kikomo kingine ambacho si cha namba bali cha mistari, nacho hutoa ishara zile zile. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 nchini Uingereza hawakuingia katika hesabu za kila siku, kwa sababu matokeo yao yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Waliopimwa walipewa majibu yao. Waliokosa taarifa ni watu waliokaa nao karibu, ambao ufuatiliaji wao ulichelewa kwa siku kadhaa.

Kabla ya hati ya uchambuzi kupewa data ya kweli, inafaa ipewe kwanza safu ya kubuni ambayo jibu lake linajulikana: mistari 20,000, kila mmoja ukiwa na 250,000. Jumla ikitoka 5,000,000,000, hati inapita. Ikitoka NA, au namba hasi, au ile 705,032,704, kosa limekamatwa kwa dakika moja na hakuna mgonjwa aliyeguswa. Hati ijaribiwe kwenye kompyuta ile ile itakayotumika, na safu hiyo isomwe kutoka faili, isiandikwe kwa mkono. Kwa ripoti zilizokwisha kutoka, msimamizi anaweza kuzidisha wastani ulioripotiwa kwa idadi ya watu na kulinganisha na jumla iliyoandikwa. Na kwa jumla za vituo, ahesabu kwanza ni vituo vingapi vimeingia, kisha atazame kama kile kikubwa kuliko vyote kimo.